Bima ya Taulo

Mpiga picha wa Mbagala bodaboda yake ina bima ndogo, maana trafiki yupo. Kamera iliyo mgongoni, inayoweza kununua bodaboda hiyo na chenji ikabaki, bima yake ni taulo na dua ya mama. Mtajie bima, anacheka: "Hao kulipa mpaka uzeeke!"

Basi kwenye sendofu Tandika mtoto kajikwaa kwenye waya, stendi ikalala, lenzi ikaoga supu. MC, bila haya: "Makofi kwa mpiga picha wetu!"

Usiku huohuo likafunguliwa kundi la michango WhatsApp. Bima ya vifaa ipo, kaka. Ila wakala ataomba risiti, na wewe pale Kariakoo ulisema, "Usiandike, nipunguzie."