Wiki ya Kuhamia Mtandaoni

Jumatatu. Flashi imefuliwa. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali pamoja na sarafu ya mia tano. Sarafu haina neno. Flashi imetakata, ila kompyuta haiitambui. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchele, kama nilivyosikia watu wanafanya. Mke wangu ameuliza kama mchele ule bado ni wa kupika.

Jumanne. Mafaili yatakaa mtandaoni. Dropbox wanatoa GB 2 bure, OneDrive 5, Google 15. Nimechagua 15. Kumbe hizo 15 zinagawanwa na barua pepe na picha, na kwangu barua pepe zimeshakalia 11. Nimefuta matangazo mpaka saa saba usiku. Nimeokoa MB 300.

Jumatano. Nimeanza kupakia picha za harusi ya mdogo wangu. Kifurushi cha wiki kimeisha saa nne asubuhi, bibi harusi hajafika ukumbini.

Alhamisi. Umeme haukuwepo.

Ijumaa. Simu imejaa, kwa hiyo nimefuta folda ya harusi kwenye simu, kwa kuwa nakala ipo kompyutani. Nimegeuka kuitazama kompyuta: nayo inafuta. Nilichowasha kinaitwa kusawazisha, na kusawazisha hakujui akiba. Ukifuta huku, na kule kunafutika. Google Drive huacha vilivyofutwa kwenye pipa la taka siku 30. Nimeinama pipani jioni nzima.

Jumamosi. Nimebadilisha neno la siri, kwa usalama. Sasa wanataka tarakimu sita walizotuma kwenye laini yangu ya zamani, ambayo iko kwenye kiswaswadu cha mama mkwe. Nimempigia.

"Shikamoo mama. Umepata ujumbe wenye namba sita?"

"Marahaba. Nimepata. Sikutajii."

"Ni mimi, mkweo."

"Ndivyo wanavyosema wote. Mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyenikataza."

Kweli nilimkataza, Idi iliyopita, mbele ya mashahidi.

Jumapili. Mama mkwe amefika kutoka Mbagala, daladala mbili, akiwa na zile namba kwenye karatasi. Amenitazama usoni kwanza, ndipo akanikabidhi. Zilikwisha muda jana ileile. Nimezipokea kwa mikono miwili.

Mchana tumepika wali. Flashi imetokea kwenye sahani yake.