Kimbunga Kikija Tutakijadili

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni, upande wa kushukia bonde la Msimbazi, kina wataalamu wa kila kitu isipokuwa mtaro unaopita chini ya benchi tunalokalia. Mada za asubuhi zina utaratibu wake. Inaanza Gaza, inafuata Ukraine, kisha Marekani na mambo yake, halafu Simba na Yanga. Mwisho kabisa, watu wameshanyanyuka wanajipangusa vumbi la benchi, ndipo utasikia mmoja akiulizia mamlaka ya hali ya hewa, "Hivi TMA nao wamesemaje?"

Yupo muuza genge hapa ambaye atakuchorea kwa kijiti, mchangani, Bab el-Mandeb ilivyokaa: Yemen huku, Djibouti kule, na hapa katikati ndipo Wahouthi walipoanza kuzisumbua meli mwishoni mwa 2023 mpaka zikaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Mchoro hauna kasoro, hata Eritrea ameikumbuka. Sasa muulize maji ya mvua ya mtaa wetu yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Atakwambia hayo kawaulize manispaa.

Mimi nimeshaelewa tatizo liko wapi. Habari za dunia hazina mchango. Hakuna mtu atakayekugongea mlango akuambie leta buku ya Ukraine, wala hutaitwa Jumamosi asubuhi ukazibue Bahari ya Sham kwa chepe. Unakunywa kahawa yako, unatafuna kashata, unamlaumu rais wa nchi ya watu, unakwenda zako. Tena faida yake ni kubwa, maana kila jambo hapa mtaani limeshapata kisingizio cha kimataifa. Chapati imepungua unene? Ngano, vita vya Ukraine. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, madereva wa bajaji wote wanageuka wachambuzi wa Mashariki ya Kati. Bei ikipanda, nauli inapanda kabla ya saa sita mchana. Ikishuka, wanasubiri kwanza waone hali ya usalama Hormuz.

Basi taarifa ya hali ya hewa inapofika kijiweni nayo inapokelewa kwa mtindo huohuo, yaani ya kujadiliwa. Mwenzenu nimezisoma mpaka nazijua kwa ghibu. Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Uwezekano wa kutokea, wastani. Kiwango cha athari, wastani. Kisha zinatajwa athari zinazoweza kujitokeza, na ikiwa ni ya mvua kubwa hukosi kuona humo kwamba baadhi ya makazi yatazungukwa na maji. Kwangu maji hayana tabia hiyo ya kuzunguka. Yanapita mlango wa uani, yanaingia sebuleni, yanakaa mpaka taarifa ya habari iishe.

Kingine kinachotuponza ni rangi. TMA wana utaratibu mzuri kabisa: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Mahali pengine duniani utaratibu huu unafanya kazi. Dar es Salaam, ikitoka ya njano, watu wa Simba wanaidharau papo hapo. Ikitoka nyekundu, watu wa Yanga wanasema hiyo haina madhara, miaka yote inatangazwa na haifiki popote. Waliobaki na akili timamu ni wale wa rangi ya chungwa, na kijiweni kwetu hakuna.

Halafu kuna tabia ya kuipima mamlaka ya hali ya hewa kwa jicho la mkeka wa kubeti. Aprili 2021 tulitangaziwa Kimbunga Jobo. Kikaja kikipungua nguvu mpaka kikaisha baharini kabla ya kutufikia, na kijiwe kikacheka wiki nzima. "Jobo kaghairi." Aprili 2019 Mtwara iliambiwa ijiandae na Kenneth. Kikapinda, kikaenda kuipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, wiki sita hivi baada ya Idai kuivuruga Beira. Makumi ya watu walikufa huko Msumbiji. Hapa kwetu bado kuna mtu anakuambia kwamba ile ya Kenneth "walikosea." Walikosea nini? Kwamba hukufa wewe?

Mei 2024 ikaja Hidaya, na hapo walau tulishtuka. Boti za Zanzibar zikasimama, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Jumamosi ya tarehe 4 upepo ulivuma hapa mjini, mvua ikanyesha, miti miwili mitatu ikaanguka. Usiku TMA wakatangaza kwamba kimbunga kimeingia nchi kavu Mafia na kimepoteza nguvu. Asubuhi kijiwe kimejaa, watu wana hasira. Ndiyo, hasira! Mmoja alinunua mishumaa pakiti nzima na sasa hana pa kuirudisha. Wakati huo Mafia watu wanaokota mapaa ya nyumba zao, Kilwa barabara ya kwenda Lindi imekatwa na maji, malori na mabasi ya kusini yamekwama, na hapa kwetu mtu analalamikia mishumaa.

Nikajaribu historia. Nikawaambia kwamba Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliifagia Unguja, kikalaza mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, na kwa kuwa Pemba haikuumia kiasi kile, karafuu ikahamia huko na ndiko iliko mpaka leo. Nikaongeza na cha Lindi cha Aprili 1952. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Video zipo, mzee?"

Video! Usiku ule wa Hidaya simu yangu ilijaa mpaka ikagoma kupokea picha. Niliona bahari ikimeza ghorofa "sasa hivi hapa Mafia," na mbele ya ghorofa lenyewe kuna duka limeandikwa Kichina. Nikapokea na ujumbe wa sauti wa mama mmoja anayehema: ana shemeji yake anafanya kazi humohumo ndani, amemwambia ukweli wote, saa nane usiku bahari inahama, mtumie na mwenzako. Niliupata kutoka kwa watu wa aina zote, akiwemo mwalimu mstaafu wa jiografia.

Nyumbani kwangu mtu pekee anayesikiliza utabiri mpaka mwisho ni mama watoto. Yeye ndiye aliyeamuru friji ipandishwe juu ya matofali, na haijawahi kushuka tangu hapo. Watoto wakitaka maji ya baridi wanapanda stuli. Luku inanunuliwa mapema, madumu ya maji yanajazwa kwa sababu umeme ukikatika pampu nayo inalala, mkaa unaingizwa ndani, simu zote zinachajiwa. Haya ni maandalizi ya akili, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni vyeti.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vya shule, leseni ya makazi, vyote inatakiwa vikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Vizuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi ni raia mtiifu. Nimepita duka hadi duka nikiulizia mfuko wa rambo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta gongo. Wenye maduka wananiangalia wakidhani ni afisa wa NEMC niliyevaa kiraia. Narudi nyumbani mikono mitupu, napita mtaroni, naikuta imelala humo, ya rangi zote, pamoja na chupa za maji, pampasi na godoro nusu.

Oktoba mwaka huohuo wa 2024, Kimbunga Milton kilipokuwa kinaielekea Florida, kijiwe kilipeleka kahawa mbele ya televisheni ya kinyozi. Tukaona watu wanapigilia mbao za plaiwudi madirishani, wanajaza mafuta, wanapakia magari, foleni imefika upeo wa macho. Kilichowashangaza wenzangu ni mbwa mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na kijibegi chake pembeni. Walimjadili yule mbwa kwa dakika nyingi kuliko walivyowahi kuijadili Kilwa. Mimi nilitoka pale nimeazimia jambo moja: nikapigilie mabati yangu, ambayo upepo ukianza tu yanapiga ngoma.

Nikamwita fundi. Akafika na nyundo tu, misumari utanunua wewe. Akainua uso, akasonya.

"Bosi, nani alikupigia haya mabati?"

"Wewe."

Akayatazama tena, safari hii kwa upole.

"Enzi zile misumari ilikuwa misumari, bosi. Hii ya sasa hivi, tangu wale jamaa waanze kulipua meli…"

Nilimwambia sitaki kusikia habari za meli. Akapanda, akagonga pale alipoweza kufika bila kunyoosha mkono, kisha akaniwekea juu matairi mawili ya gari yakandamize. Hayajang'oka, nasema ukweli. Ila yanajaa maji ya mvua, na humo mbu wa homa ya dengi wamefungua mtaa wao mpya juu ya kichwa changu.

Nisiwaonee watu wote. Yapo makundi mawili hapa kwetu yanayoichukulia taarifa ya TMA kwa uzito unaostahili. La kwanza ni vijana wa kuvusha. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, wao wameshafika na maguta yao, kamba, na kijana mrefu wa kupima kina. Jero kwa mwenye viatu mkononi, buku kwa anayebebwa mgongoni, bei ya mwenye tai ni maelewano. Wanafuatilia utabiri wa siku kumi, wanajua mvua za masika na vuli zinavyokwenda, na wakiona angalizo la njano wanaweka pumzi kwenye matairi usiku uleule.

Kundi la pili ni wenye vyoo vilivyojaa. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, mvua ni bure. Kwa hiyo mawingu yakifunga tu na TMA wakisema mvua kubwa, unasikia mifuniko ya chemba inasogezwa gizani, moja baada ya nyingine, mtaa mzima. Asubuhi kila mtu anasalimia vizuri sana. Hakuna aliyefungulia chochote. Watoto wanacheza kwenye yale maji, na baada ya wiki mbili tunashangaa kipindupindu kimeletwa na nani.

Na serikali ikitokea na kipaza sauti juu ya gari, ni lilelile: wakazi wa mabondeni wahame. Sawa, tuhame. Desemba 2011 mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, waliopoteza makazi walipewa viwanja Mabwepande. Wapo waliokaa, wapo waliorudi bondeni, kwa sababu kazi za kufua nguo za watu Upanga na kubeba mizigo Kariakoo hazikupewa kiwanja huko. Mbwa wa Florida alikuwa na gari na mahali pa kwenda. "Chukua tahadhari" ni maneno mazuri kwa mtu mwenye ghorofa ya pili. Mwenye chumba kimoja cha kupanga atapandisha godoro juu ya meza, mtoto juu ya godoro, kisha yeye mwenyewe asimame.

Ndiyo maana mimi nimeng'ang'ania mtaro. Sina uwezo wa kujenga daraja la Jangwani, wala wa kuhamisha Msimbazi. Mtaro ninauweza, una upana wa chepe mbili. Oktoba 2025, Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaica kikiwa daraja la 5, kijiwe kiliumia kweli, kwa heshima ya Bob Marley. Nikaona hapo hapo ndipo pa kukamatia. Nikasema, jamani, kama tunawahurumia Wajamaika, tuzibue huu mtaro. Ajabu, wakakubali. Wakaunga mkono kwa makofi.

Ikaundwa Kamati ya Maafa ya Mtaa. Mwenyekiti akapatikana bila kupingwa, katibu akapatikana, mhazini akapatikana haraka kuliko wote. Nafasi ya msemaji iligombewa mpaka kahawa ikapoa. Muuza genge akashinda kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye uzoefu wa mambo ya nje. Likaundwa kundi la WhatsApp, likawekewa picha ya kimbunga kikitazamwa kutoka angani. Mchango ukapitishwa, buku kila mtu, kwa ajili ya viroba vya mchanga na kukodi guta la kuzolea tope. Wakati wa kuuliza nani ana chepe, ikaonekana mtaa mzima una moja, ni ya jirani yetu fundi ujenzi, naye yuko msibani Tanga na ufunguo wa stoo kaondoka nao.

Mjumbe wa shina akashauri tusianze kazi kienyeji, kwanza kamati ikutane rasmi ijadili namna ya kukabiliana na mvua zinazotarajiwa. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya mechi, palepale kwenye benchi. Jumapili saa kumi msemaji akaandika kwenye kundi kwamba kikao kimeahirishwa kwa sababu ya mvua.