Barua ya Wazi kwa Wavumbuzi wa Vipaji Vilivyokwisha Kuvumbuliwa

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Udahili,
Programu za Sayansi za Kiangazi kwa Wanafunzi wa Sekondari,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KAZI NGUMU YA KUWATAFUTA WASIOPOTEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza niwapongeze kwa dhati. Tangu Summer Science Program ilipoanza mwaka 1959 kule Ojai, California, miaka miwili baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik na kuinyima Marekani usingizi, na tangu Admirali Hyman Rickover, baba wa nyambizi za nyuklia, aliposaidia kuanzisha Research Science Institute (RSI) katika miaka ya 1980, nia yenu imekuwa moja: kuwapata vijana wenye vipaji kabla taifa halijawapoteza. Kwa wiki tano au sita kijana hupima njia ya asteroidi kwa darubini, au huingia maabara ya chuo kikuu cha MIT akafanya kazi chini ya mtafiti wa kweli. Hakuna mwenye akili timamu wa kuibeza kazi hiyo. Swali langu dogo, ambalo huenda halistahili hata muda wenu, ni hili: hao mnaowapata, walikuwa wamepotea wapi?

Tuitazame fomu ya maombi, maana ndiyo isiyojua kujipendekeza. Inataka matokeo ya masomo, insha, barua za walimu, orodha ya tuzo, na maelezo ya utafiti anaoutamani mwombaji. Yote ni ya busara, ilimradi usiulize nani ana nini. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2020–21 zinaonyesha kwamba karibu nusu tu ya shule za sekondari nchini humo hufundisha kalikulasi. Katika shule zenye wanafunzi wengi Weusi na Walatino, ni takriban asilimia 35. Chama cha washauri wa wanafunzi kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, ilhali wastani wa nchi unazidi 370. Yupo basi kijana ambaye somo mnalolipima halifundishwi shuleni kwake, na mtu ambaye angemdokezea kwamba mpo ana mamia ya wengine wa kuwahudumia. Nanyi, kwa subira ya kupigiwa mfano, mnangoja barua yake. Isipofika, mnahitimisha kwamba hakupenda sayansi. Mwenzake wa kitongoji cha wenye nafasi hana tabu hiyo. Mzazi ni profesa au anamfahamu profesa. Na kama hamfahamu, lipo soko zima la washauri wa kulipwa, ambako hata utafiti huuzwa pamoja na jarida la kuuchapisha. Anapofika mezani kwenu amekwisha kupikwa akaiva, nanyi mnashangilia: tumevumbua kipaji! Mvuvi anayenunua samaki aina ya changu sokoni Feri, kisha akapigwa picha nao ufukweni, angewaelewa vizuri sana.

Wala hili si neno la wivu. Mwaka 2023 wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, miongoni mwa vijana wenye alama sawa za mitihani ya SAT au ACT, watoto wa asilimia moja ya familia tajiri zaidi wana nafasi zaidi ya mara mbili ya watoto wa tabaka la kati kuingia vyuo 12 vinavyogombewa kuliko vyote. Sababu mojawapo kati ya tatu walizozitaja ni sifa zisizo za kimasomo, ambazo watoto wa matajiri huzipata kwa wingi. Na sifa hizo, walibaini, hazikutabiri mafanikio ya baadaye. Hamkutajwa, tulieni. Lakini utaratibu wenu ni uleule: unapima mlango uliokwisha kufunguliwa, kisha unaiita hesabu hiyo akili.

Mtanijibu kwamba wengine wenu hamtozi ada. Ni kweli, na RSI na MITES, programu ya MIT, wanastahili heshima kwa hilo. Ila bure nayo ina bei. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Wiki sita za saa 40 ni dola 1,740, fedha ambazo kijana anayefanya kazi dukani huchangia kodi ya nyumba. Clark Scholars, ya Texas Tech, hutoa posho ya mamia kadhaa ya dola kwa wanafunzi wake 12. Ni uungwana adimu, na bado haifiki nusu ya pengo.

Mtaongeza kwamba maabara haiwezi kupokea asiye na msingi. Nakubali bila ubishi. Basi wekeni kiwango, na kila anayekifikia aingie kwenye bahati nasibu. Najua mtashtuka: bahati nasibu, kwa wanasayansi! Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza kuitumia kugawa baadhi ya ruzuku zake mwaka 2013, na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi tangu 2021 huamua kwa bahati nasibu pale maombi yanapolingana ubora. Uholanzi iligawa nafasi za kusomea udaktari kwa bahati nasibu yenye uzito wa alama kuanzia miaka ya 1970. Kama ni tusi kwa juhudi, basi wanasayansi wa Uswisi wametukanwa na kazi inaendelea. Isitoshe, bahati nasibu mnayo tayari. Tofauti ni kwamba tiketi za hii ya sasa ziligawiwa wodini, siku ya kuzaliwa.

Ombi langu, waheshimiwa, ni jepesi. Tangazeni kila mwaka mmepokea wangapi kutoka shule zisizo na kalikulasi. Lipeni posho inayoshindana na mshahara wa dukani. Waandikieni walimu wa shule ambazo hazijawahi kuwaletea mwombaji hata mmoja, na wa zile za miji ya Louisville na Columbus wanakosoma watoto wa wakimbizi kutoka Kongo. Na kama hayo yote ni mazito, lipo moja lisilogharimu senti: futeni neno “kuvumbua” kwenye vipeperushi vyenu.