Mitungi Sita na Sifuri Nukta Sifuri Moja

Mke wangu hajui kura za rais zilizotangazwa Bomas, kwenye ukumbi wa kujumlishia, zilikuwa ngapi. Ukimuuliza, atakujibu kwamba nyumba hii inatumia mitungi sita ya maji kwa siku, minane siku ya kufua, na akishasema hivyo huona habari za siasa zimekwisha. Mimi ndiye ninayejua. Huyu 7,176,141, yule 6,942,930. Nimezishika namba hizo kichwani kama ninavyoshika kiuno na mapaja ya mteja aliyechukua suruali akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Zote mbili hazijawahi kunifaa kitu.

Tunakaa Mishomoroni, upande wa Kisauni. Bomba tunalo, tena la chuma, limesimama uani kama askari wa lindo. Ukilifungua asubuhi linakoroma, linakohoa mara mbili, linatema hewa, halafu linanyamaza. Siku likikumbuka kazi yake huwa ni saa nane za usiku, na lazima mtu awe macho alisubiri kama mgeni wa meli. Kwa hivyo maji yetu ni ya mkokoteni. Mombasa yenyewe haina mto wa kujivunia. Maji yanatolewa mbali: Mzima kule Taita Taveta, Marere katika vilima vya Shimba, Baricho kwenye mto Sabaki. Bomba kubwa la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, Mwingereza angalipo. Maana yake hakuna rais wa nchi hii, tangu bendera ya kwanza kupandishwa, ambaye hakulikuta bomba hilo ardhini.

Basi Julai ya 2022 mheshimiwa mmoja alifika mtaani kwetu, akapanda juu ya gari, akaona foleni ya mitungi ya manjano, akashika kifua. Akasema inamuuma kuona kina mama wakibeba mzigo ule. Akasema, "Mkinichagua, mzigo huu nitaubeba mimi." Vigelegele. Kisha zikagawiwa leso zenye uso wake na fulana zenye uso wake. Mke wangu akapata leso. Mimi nikapata fulana ya kumtosha mtoto wa darasa la tatu, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani niliipindua nikaitazama ndani. Mishono ilikuwa ya kukimbizana. Hapo ningepaswa kuelewa kila kitu, lakini nilikuwa na shughuli ya kupiga vigelegele, jambo ambalo mwanamume mzima hapaswi kulifanya.

Mwezi huohuo serikali ilitangaza unga wa kilo mbili ushuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Unga huo niliusikia vizuri sana kwenye redio. Dukani sikuuona.

Ikafika Jumanne, 9 Agosti. Sisi wa Mombasa tulipewa karatasi tano badala ya sita. Ile ya buluu, ya gavana, haikuwapo. Karatasi zilikuwa zimechapishwa na makosa, kwa hivyo uchaguzi wa gavana hapa na kule Kakamega ukaahirishwa. Wengine walinung'unika. Mimi hata sikugeuka, maana nilikuwa nimeifuata nyeupe, ya rais. Niliitia alama taratibu, kwa heshima, kama mtu anayekata kitambaa cha bibi arusi. Hizo nyingine nilizimaliza kwa mkono wa haraka. Ya mwakilishi wadi, ile ya rangi ya mchanga, nakumbuka rangi yake tu. Jina nililolichagua limenitoka, na huyo ndiye mtu ambaye mtaro wa maji machafu mbele ya duka langu ungemhusu.

Kisha zikaanza siku sita za kujumlisha. Vituo 46,229, na fomu za kila kimoja zikiwekwa hadharani tuzisome wenyewe. Jamani, nani alituloga! Kijana wangu alikuwa akifungua simu, mimi nikiwa na penseli ya chaki ya kushonea, tukizijumlisha fomu za vituo vya Turkana ambako sijafika wala sina safari ya kufika. Nilifikia kuujua mwandiko wa wasimamizi. Runinga hii ikimweka huyu mbele, runinga ile ikimweka yule, na barazani kila mzee akawa na runinga yake ya kuiamini kama mganga. Nguo za wateja zikalala. Usiku mmoja, saa nane, bomba lilikohoa nikalisikia. Nikajiambia, ngoja nimalize Bungoma. Nilipomaliza Bungoma maji yalikuwa yamekatika.

Jumatatu ya tarehe 15 mshindi akatangazwa, asilimia 50.49 kwa 48.85. Siku ya pili makamishna wanne wa tume ya uchaguzi waliojitenga wakasema asilimia zote zikijumlishwa zinazidi mia, zinafika 100.01, na hiyo ziada ni kama kura 142,000. Hapo ndipo baraza letu lilipochemka kuliko birika la kahawa. Ziada ya kukadiria tarakimu ni jambo la kila fundi. Ukipima robo robo ukajumlisha, mara nyingi inchi inazidi kidogo. Tena asilimia sifuri nukta sifuri moja ya kura milioni kumi na nne ni kama elfu moja na mia nne, siyo laki. Nilithibitisha kwa chaki sakafuni. Mzee mmoja mvuvi akasema hesabu yangu ni ya nguo, haifai kwa kura. Tulizozana siku mbili. Kwa siku hizo mbili niliijua sehemu moja ya elfu kumi ya Kenya kuliko nilivyokijua kiasi cha unga kilichobaki kwenye debe langu.

Halafu kesi ya kuupinga ushindi. Mambo ya seva za tume, na nani aliingia na nani hakuingia. Mahakama ya Juu ikakaa, na tarehe 5 Septemba ikaamua kwamba ushindi ni ushindi. Tarehe 13 rais akaapishwa. Tarehe 14 jioni bei mpya za mafuta zikatoka: Nairobi petroli ikapanda kwa shilingi 20 na senti, hadi 179.30, na mafuta ya taa yakapanda shilingi 20. Ruzuku ya petroli ilikuwa imeondolewa.

Keshoye mwenye mkokoteni alikuja na bei yake. Mtungi uliokuwa shilingi 20 sasa 30.

"Wewe kijana," nikamwambia, "mkokoteni wako unakunywa petroli?"

"Haunywi, mzee. Lakini mimi nakula unga, na unga unapanda lori."

Nililipa. Jioni nikaenda barazani nikawatangazia wazee kwamba nimestaafu siasa. Uchaguzi haubadilishi kitu, nikasema. Muuza kahawa akanisahihisha, huku akitikisa vikombe: "Shehe, unabadilisha. Ulilala na 20 ukaamka na 30." Ni kweli, na ndilo linaloniudhi zaidi. Mabadiliko ya kushuka yanangoja kamati, ripoti na awamu ya pili. Ya kupanda hayahitaji hata kulala mara mbili.

Nikarudi nyumbani nikayasema yaleyale kwa mama watoto, nikitarajia kuungwa mkono, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hesabu ya mitungi. Hakuinua kichwa kwenye mbaazi zake. Aliunyoosha tu mkono, nikaona wino mpya juu ya wino wa zamani.

"Huu ni wa nini?"

"Wa gavana. Tarehe 29 Agosti."

Nilikuwa nimeisahau. Katiba ya 2010 iliyaweka maji mikononi mwa kaunti, hilo nalijua, nimelieleza barazani mara nyingi kwa sauti kubwa. Na siku ambayo Mombasa ilimchagua mtu wa kuulizwa habari za bomba, mimi nilikuwa wapi?

"Nilikuja kukuchukua twende," akasema. "Ukaniambia unasubiri seva."

"Sasa umepiga, maji yametoka?"

"Hayajatoka. Lakini mimi sikukesha."

Hilo halikuwa na jibu, nikaomba chai.

Miaka imekwenda. Bomba bado linakohoa, labda kikohozi kimekuwa kizito kidogo. Baraza limeshaanza kugawa maeneo ya 2027, huyu na Bonde la Ufa, yule na Magharibi, na mzee mvuvi ameniomba nilete chaki. Nimemwambia nimestaafu. Nimemwambia pia kwamba hesabu yake ya Pwani ina makosa, nikamwonyesha wapi, na tukachelewa kidogo.

Nilipofika mkokoteni ulikuwa umesimama barabarani, kwani kichochoro chetu hakiruhusu magurudumu, na kutoka pale mitungi huingia kwa kichwa. Mke wangu alikuwa ameikunja ile leso ya kampeni duara, kata safi kabisa, imemkaa utosini. Rangi imepauka, lakini uso wa mheshimiwa bado unaonekana kwa upande, jicho moja na nusu ya tabasamu, chini ya lita 20.

Nilimsogelea nikautazama uso ule vizuri. Alisema mzigo atabeba yeye. Anaubeba.

"Usisimame tu hapo," mama watoto akaniambia. "Imebaki mitano."