Muulize Mjomba Kibano: Cheo cha Vitu Vidogo

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote upande mmoja, Hedaru mpaka Mwanga, za milimani na za tambarare. Waandishi wake hawajuani, lakini wanalia kilio kimoja: wametengeneza kitu kidogo sana kwa kazi kubwa sana, na sasa wanataka watu wenye kujua wakitazame na kuwapa haki yao. Mjomba amevaa miwani. Anayetafuta kubembelezwa aandikie ukurasa wa mapenzi, uko mbele kidogo.

*Shikamoo Mjomba. Natengeneza mabasi ya maboksi. Taa zinawaka, milango inafunguka, na kioo cha mbele nimekiwekea wipa. Makondakta wa stendi wananisifu na kunipiga picha. Nasikia Marekani kuna chama kinachowapa cheo mafundi wa vitu vidogo. Nakitaka hicho cheo. Nianzie wapi?*
*Dereva wa Mezani, Same mjini*

Marahaba, kijana. Chama kipo. Kinaitwa IGMA, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi wanachama wake wamekuwa wakikutana kila Juni katika mji mdogo wa Castine, pwani ya jimbo la Maine, kufundishana kazi. Vyeo vyake vinavyotafutwa ni viwili. Unaanza na Artisan, na baadaye ukizidi kuiva unaweza kufika Fellow. Hupewi kwa sababu umelipa ada, wala kwa sababu mjomba wako ni mtu wa kamati. Unaomba kwa aina moja ya kazi na jopo linaichunguza kazi hiyo. Aliyepita kwa vyungu amepita kwa vyungu. Akitaka kutambuliwa kwa viti, anarudi kwenye foleni na viti vyake.

Lakini kabla hujatafuta nauli, tafuta rula. Skeli inayotumiwa zaidi na watu hawa ni 1:12, kwa hiyo basi la mita 12 linakuwa na urefu wa mita 1 kamili. Hapo naona hujakosea. Sasa pima boksi lako. Lina unene wa milimita 3, sivyo? Zidisha kwa 12. Umetengeneza basi lenye ukuta wa sentimita 3.6. Hilo halibebi abiria wa Arusha, linabeba fedha za Benki Kuu na askari wawili juu. Bati la basi la kweli lina unene wa kama milimita 1. Ukiligawa kwa 12 unapata kitu chembamba kuliko karatasi ya fotokopi. Usikate tamaa, kwa sababu kitu hicho kinatupwa stendi kila siku. Kopo la soda la alumini lina ukuta wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Likate kwa mkasi, linyooshe juu ya kioo, libandike juu ya fremu nyembamba, na pembeni pa madirisha basi lako litaanza kusema ukweli.

Wipa nayo, kwa picha uliyonitumia, ni nondo ya ghorofa. Ing'oe.

Kisha jaribu hivi. Weka basi mahali penye mwanga wa jua, shusha simu mpaka usawa wa macho ya abiria aliyesimama barabarani, piga picha bila kidole, bila sarafu, bila mguu wa meza. Mpe mtu asiyekujua. Akiuliza "hili linaondoka saa ngapi?", andika barua ya maombi. Akisema "umejitahidi", rudi mezani. Hilo neno huambiwa mtoto.

*Mjomba, mume wangu ni seremala. Aliacha kutengeneza vitanda vya watu, sasa anatengeneza vitanda vya urefu wa kiganja, siku nne kitanda kimoja. Tunakula makande asubuhi, mchana na usiku. Anasema siku moja atatambuliwa.*
*Mke wa Fundi, Hedaru*

Mama, kwanza makande tusiyasingizie. Ni chakula cha heshima.

La pili, mume wako hajapagawa. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyochorwa na msanifu Edwin Lutyens na kukamilika 1924, ina lifti zinazopanda na mabomba yanayotoa maji, na waliifanyia kazi mafundi wakubwa wa wakati wao, watu wenye ndevu na bili za kulipa. Kule Chicago, tajiri Narcissa Thorne alitumia miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka kabisa, kuwapa kazi mafundi mahiri wamtengenezee vyumba vidogo kwa skeli hiyohiyo ya 1:12. Vyumba 68 vya kazi yake bado vipo katika jumba la sanaa la mji huo na watu hulipa kiingilio kwenda kuvichungulia. Kitu cha kuzingatia ni kwamba wale mafundi walilipwa na tajiri. Wewe na mumeo bado hamjampata tajiri. Kwa hiyo mwambie: vitanda viwili vya kulalia watu, ndipo kimoja cha kiganja. Akikataa, mpikie chakula kwa skeli ya 1:12 na umpe kijiko cha kawaida.

*Nimeandikishwa BASATA, baraza la sanaa. Je, si ndiko kutambuliwa kwenyewe?*
*Msanii Halali, Mwanga*

Hata pikipiki yako imeandikishwa.

*Shikamoo Mjomba. Nimetoka ukoo wa Washana, wafua chuma wa Ugweno. Nilitengeneza karakana ya mababu kwa skeli ya 1:12: mvukuto wa ngozi halisi ya mbuzi, mipini ya mninga halisi, na mchanga halisi wa chuma nilioutoa mtoni mwenyewe. Nikaipeleka kwenye maonyesho fulani. Jopo likaikataa, likaandika "haikuzingatia skeli". Nilipima kila kitu! Nataka kukata rufaa. Nimeshauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na wakili.*
*Mwenye Uchungu, Usangi*

Marahaba. Wapare tumetungiwa utani nchi nzima kwamba mtu wetu atauza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku, na wewe umeamua kuwathibitishia. Mbuzi wa tatu mwache zizini kwanza, tuongee.

Kazi uliyochagua ni tukufu. Wafua chuma wa Ugweno walikusanya mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mkaa, na chuma chao kikavuka mpaka kwa Wachagga. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliwapa Washana nafasi yao katika historia ya siasa za Upare aliyoichapisha 1969. Walikuwa wenye nguvu Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Kama kuna ukoo unaostahili kuwekwa mezani kwa heshima, ni wenu.

Lakini jopo halikukuonea. Ulipima urefu, ukasahau kupima vitu vyenyewe. Ngozi ya mbuzi yenye unene wa milimita 2 haijui kwamba umepunguza karakana. Kwenye mvukuto wako mdogo imekuwa ngozi ya sentimita 2.4, na mnyama mwenye ngozi kama hiyo hafugwi Usangi, hata Mkomazi wanamlinda kwa bunduki. Mninga ni mti mzuri, lakini nyuzi na vitundu vyake viliumbwa kwa ajili ya kabati. Kwenye mpini wa jembe wa sentimita 10 vitundu hivyo vinaonekana kama mashimo ya panya. Na mchanga wa mtoni, ule uliokusumbua kuuchota, kila chembe yake pale karakanani ni kokoto.

Uliweka kila kitu cha kweli, na kila kimoja kikakusemea uongo. Mwenzako wa Chicago angetumia ngozi ya glavu iliyokwanguliwa kwa wembe mpaka mwanga upite. Angesaga mchanga ukawa vumbi. Mipini angeichonga kwa mpingo au mzeituni mwitu, miti yenye nyuzi zilizobanana, kisha aipake rangi ifanane na mti mwingine wowote anaoutaka. Mpingo huna haja ya kuukata: waombe wachongaji wa vinyago vipande wanavyotupa, kila kimoja kinakutosha mipini ishirini. Wala nisisikie umeingia Chome na panga kutafuta mti mzuri, ile ni hifadhi, na hiyo itakuwa kesi utakayoshindwa.

Rufaa yako nimeisikiliza na kuitupilia mbali, kila upande ubebe gharama zake.

*Baba yangu, mzee wa Suji, anasema kufinyanga vitu vidogo ni kazi ya watoto wanaochunga mbuzi. Nina miaka 34.*
*Bado Nafinyanga, Same*

Mwulize mzee kama watu wa kale wangekubaliana naye. Hans Cory alikusanya sanamu ndogo za udongo zilizotumiwa jandoni na unyagoni Tanganyika, wakiwemo jirani zetu Wasambaa na Wazigua, akaziandikia kitabu 1956. Mkusanyiko wake umo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Sanamu hizo zilishikwa na walimu wazima, kila moja na fundisho lake. Kwa kweli hiyo haikuwa kazi ya watoto wanaochunga mbuzi. Mzee akiendelea kubisha, mfinyange yeye, akiwa ameketi, na kiti chake. Wazee wengi hubadili msimamo wakiona wamefanana.

*Mjomba, nasuka nyungo na vikapu vidogo. Ukindu nikiuchana mwembamba zaidi unakatika. Ungo wangu wa sentimita 4 unaonekana kama umesukwa kwa mbao.*
*Mama Vikapu, Makanya*

Mama, unaishi katikati ya dawa na unaniandikia mimi. Angalia mkonge. Uzi mmoja wa katani una unene wa kama sehemu ya tano ya milimita, ambao unakaribia ule unaoupata ukigawa ukindu wa milimita 3 kwa 12. Uloweke, uchane kwa kucha, uupake nta kidogo ili usisimame nywele. Mkonge wenyewe ulifika nchi hii 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf. Kati ya miche elfu moja aliyoagiza, 62 tu ilipona, na kutoka hiyo yakaja mashamba yote. Unaposuka, kumbuka kuacha ukingo mmoja umechakaa kidogo. Hakuna ungo Upareni ambao haujapepeta.

*Mimi ni mwalimu huku Mbaga. Nimetengeneza ndiva yetu ya kumwagilia mashamba kwa skeli ya 1:50 ili wanafunzi waijue, na nina ndoto ya kuipeleka mashindanoni. Nimejenga kingo za mawe, nimetia maji halisi. Nimeshindwa kuelewa mambo mawili. Kwanza, maji yanaonekana ya uongo. Pili, mzee mmoja wa kamati ya maji alikuja, akaitazama kwa muda mrefu, akasema "hii si ndiva", akaondoka.*
*Mwalimu wa Ndiva*

La kwanza ni jepesi. Maji hayapungui. Tone la milimita 4 ni lilelile popote. Kwenye ndiva yako limekuwa donge la maji la sentimita 20. Ukingoni maji yanapanda jiwe kwa milimita 2, nawe umeonyesha maji yanayopanda ukuta sentimita 10 bila kusukumwa na mtu. Yamwage. Paka rangi ya matope chini, kisha vanishi angavu, safu nyembamba juu ya safu, kila moja ikauke. Sehemu ya katikati ifanye nyeusi zaidi.

La pili ndilo lililonifanya nisome barua yako tena na tena. Nimetazama picha. Mwalimu, ndiva yako haina tundu la kufungulia maji. Ndiva hujazwa usiku kutoka mfereji wa mlimani, asubuhi inafunguliwa, maji yanateremka mashambani kwa zamu, na zamu hizo zimeshawagombanisha ndugu wa tumbo moja. Ndiva isiyofunguka ni bwawa la mamba. Na ule mchanga msafi ulioutandaza kwenye ukingo, uko wapi udongo unaozolewa siku ya msaragambo, kijiji kizima kikifanya kazi pamoja? Kila ndiva ina lundo lake la matope pembeni, na kuna mtu anayekumbuka nani hakuja kuzoa.

Jopo la ng'ambo lisingeyaona hayo. Lingepima mawe yako, lingesifu viungio, pengine lingekupa cheo, na ndiva ingebaki haifunguki. Mwite yule mzee tena, umkirimu pombe ya dengelua, umwombe aketi mbele ya kazi yako asubuhi nzima. Andika kila anachokinung'unikia. Akianza kubishana na wewe kuhusu zamu ya nani, huku anaonyesha kwa kidole kwenye modeli yako, ipakie kwenye boksi upeleke popote.

*Mjomba, kitanda changu kidogo kimekubaliwa kukaguliwa ng'ambo. Nitakitumaje kwa posta kisivunjike?*
*Fundi wa Kiganja, Hedaru*

Hongera, na msalimie mkeo, nimeshapokea barua yake. Kifunge kwa karatasi laini, kiweke ndani ya kopo gumu, na kopo ndani ya boksi lililojaa maranda ya mbao, kisigusane na upande wowote. Likitikiswa lisitoe sauti. Kwenye fomu ya forodha, mahali pa kueleza kilichomo, andika "mfano wa kitanda, sentimita 17". Ukiandika "kitanda" peke yake, watalifungua, na baada ya hapo watakuandikia kukuuliza sehemu iliyobaki iko wapi.