Ziwa la Mbao

Hapana budi kuistaajabia jitihada ya muungwana wa Ulaya ambaye, akiisha kuukinai ukubwa wa dunia aliyoumbiwa na Mola, hugongomea tangi la plaiwudi sebuleni mwake, akalipaka epoksi tabaka juu ya tabaka, akakibandika kioo kwa silikoni upande wa ndani, kisha akamimina lita 2,000 za maji, yaani tani mbili kamili, ili kuwastarehesha samaki wachache ambao nasaba yao ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, walikokaa wahenga wao bila ya bomba wala fundi. Mkewe akimwuliza iwapo sakafu itahimili, hujibiwa kwa hesabu na michoro. Ama maji, ambayo kanieneo yake hufuata kina wala haifuati elimu ya mjenzi, hayaulizi neno: hungojea ufa.