Mfagiaji Hajaajiriwa

Programu nyingi za Java hazifungui muunganisho mpya na hifadhidata kila zinapouhitaji. Huazima kwenye akiba, kisha hurudisha. Akiba ya Commons Pool, maktaba ya Java ya kazi hiyo, ina kanuni safi: kinachokaa bure dakika 30 kiondolewe. Ila muda wa mfagiaji wa kuviondoa kupita umewekwa -1, yaani hapiti kabisa mpaka umpangie zamu mwenyewe. Sheria ipo, wa kuisimamia hajaajiriwa. Tena kilichorudi mwisho ndicho huazimwa kwanza, kwa hiyo miunganisho mivivu ya nyuma huoza kimya, hifadhidata imeshaikatia mawasiliano zamani, na siku wateja wakifurika ndiyo inayokabidhiwa kazi. Hapo fundi atakwambia tatizo ni mtandao. Mtandao wa watu, umekosa nini?

Wajerumani walipoizamisha meli yao Goetzen katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mafundi walipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wale angalau walijua kumlaza mtumishi. Wewe mtumishi wako, yaani muunganisho, hujawahi hata kumkagua kama anapumua, halafu saa mbili asubuhi unamfokea haamki.